Honi ya Buguruni

Mzee Mfaume alipostaafu udereva wa treni, majirani zake wa Temeke Mikoroshoni walitegemea afungue duka. Zilikuwa enzi za ruksa, na kila aliyestaafu alikuwa anafungua kitu: huyu genge, yule banda la mitumba, mwingine mashine ya kusaga. Mfaume akafungua reli. Aliitandika sebuleni kwake, juu ya meza aliyoigongomea mwenyewe kwa mbao za masanduku ya chai, meza kubwa hata makochi yakahamia barazani na wageni wakawa wanapokelewa nje kama wauza mkaa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Reli zilikuwa mbavu za miavuli mibovu, zimelazwa juu ya vijiti vya mishikaki. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la dawa ya mbu lililopakwa rangi nyeusi, mabehewa yalikuwa makopo ya samaki, na ndani ya kopo la kwanza alificha mota aliyoing'oa kwenye redio kaseti iliyokufa. Magurudumu aliyakata kutoka kwenye mpini wa ufagio, kisha akayavisha pete za waya. Ufagio ulikuwa wa mkewe, na ulikuwa bado mzima.

Njia ilianzia Dar es Salaam, karibu na mlango wa chumbani, ikapita Buguruni, Pugu, Ruvu na Ngerengere, ikaishia Morogoro chini ya dirisha. Pale Buguruni aliweka kisanduku cha kiberiti kilichopakwa chokaa. Hiyo ndiyo nyumba waliyokuwa wamepanga zamani, hatua chache kutoka relini, kabla hawajajenga Temeke. Watoto wao wote wanne walizaliwa pale.

Zuena, mkewe, hakuisogelea meza hiyo. Alikuwa akipita kando yake kama anavyopita mtu kando ya mbwa asiyemjua.

"Miaka thelathini nimekusubiri urudi nyumbani," alimwambia siku moja akiwa mlangoni, kanga begani. "Umerudi, ukaingia mezani."

Mfaume alicheka, akidhani ni utani. Lakini mwaka huo, tisini na tatu, masika yalipoanza, Zuena alisema neno jingine, na hilo halikuwa na utani ndani yake. "Mvua zikikatika naenda Kimbiji kwa dada Farida. Ana shamba, ana minazi, ana watu wa kuongea nao."

"Utakaa siku ngapi?"

"Sikuomba ruhusa ya siku, Baba Nusaiba. Nimekwambia naenda."

Mzee wa watu akaelewa. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa, nyumba ilikuwa kimya, na mwanamke aliyezoea kumsubiri mtu alikuwa hana tena wa kumsubiri. Akienda Kimbiji hatarudi ila kwa misiba na Idi. Hofu ilimshika Mfaume, hofu ya kweli, ambayo hata breki zilipomkatalia kwenye mteremko wa Pugu hakuwahi kuipata. Alitaka kumwambia asiende. Ila yeye maneno ya namna hiyo hakuyajua, alijua vyuma.

Jumatano moja Zuena alipokuwa anafagia, kwa ufagio mpya, alisimama kidogo akaitazama treni ikienda na kurudi. "Treni gani hii haina sauti? Inapita kama jini," alisema, akaendelea kufagia.

Mwanamume mwingine angesikia kejeli. Mfaume alisikia mlango ukifunguliwa. Akaapa kabla masika hayajakatika treni yake itanena, na itakaponena, Zuena atakaa kitini asikilize.

Mkwe wake Khalfani, mume wa Nusaiba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusaidia. Alikuja na kaseti mkononi. "Shikamoo, Baba. Nimekuletea sauti. Nimekwenda mwenyewe stesheni na redio yangu, nimerekodi treni inatoka."

"Marahaba. Weka tusikie."

Kaseti ilinguruma, kisha ikapiga honi ya dizeli. Mfaume akaizima. "Hili lori linaomba njia," alisema. "Asante, mwanangu, lakini hii hapana." Khalfani akanywa chai barazani akaenda zake na kaseti yake.

Mfaume alitaka sauti ya injini za moshi, zile zilizokula mafuta mazito na kunywa maji kama ngamia, na sauti hiyo haikuwa ikiuzwa popote Kariakoo. Akaitafuta katika takataka za nyumbani. Pumzi ya injini aliipata kwenye msasa: vipande viwili vya mbao vilivyogundishwa msasa, ukivisugua taratibu injini inaanza mwendo, ukiharakisha inapanda kasi. Kwanza alikuwa ametia mchanga kwenye kopo la kakao, likatoa sauti ya kayamba, akalitupa. Mvuke unaotoka chini ya magurudumu aliupata kwenye pampu ya baiskeli aliyoiziba mdomo kwa nta na kuitoboa kwa sindano. Kengele ya stesheni, ambayo kule bara huwa kipande cha reli kinachoning'inia, ikawa kijiko cha chai kilichofungwa uzi, kinapigwa kwa msumari.

Kilichompa raha kuliko vyote ni mlio wa magurudumu. Alichukua tupa akakata alama ndogo kwenye mbavu za miavuli, kila baada ya shubiri, kama viungo vya reli. Treni ilipopita juu yake ilisema ta-ta, ta-ta, ta-ta, na zile mbao za masanduku ya chai, kwa kuwa zilikuwa na uwazi chini, zikaukuza mlio hadi ukajaa chumbani. Mfaume alifumba macho. Akaona taa ya Ngerengere inakuja, akasikia harufu ya majani yaliyoungua, akafumbua macho yamelowa. Akajifuta kwa kofia akaangalia kama kuna aliyemwona.

Ikabaki honi.

Asiyewahi kuishi kando ya reli hatajua uzito wa jambo hili. Enzi za injini za moshi, dereva alikuwa na honi za kazi na honi ya nyumbani. Za kazi ziliandikwa kitabuni. Ya nyumbani haikuandikwa popote. Treni ya mizigo haina saa. Unaweza kutoka Morogoro alfajiri ukafika Dar mchana, au ukafika kesho yake. Kwa hiyo dereva akikaribia kwake alivuta kamba kwa namna waliyokubaliana na mkewe, na mke akiisikia alibandika sufuria. Mpaka injini ipelekwe karakana, ikabidhiwe, mtu anawe masizi na kutembea hadi nyumbani, wali umeiva. Ikipigwa mara ya pili, maana yake kuna mgeni, ongeza mchele. Buguruni wanawake walikuwa kisimani, honi inalia, mmoja anasema, "Huyo wangu," anajitwisha ndoo yake anaondoka.

Mfaume alikuwa na honi mbili, kwa sababu alikuwa na wake wawili. Zuena alikuwa Buguruni, na Mwajabu alikuwa Morogoro. Haikuwa siri. Zuena aliambiwa kabla ya ndoa ya pili, akanuna mwezi mzima, kisha akamzoea mwenzake, na Mwajabu alipojifungua mtoto wa kwanza ni Zuena aliyepanda treni kwenda kumkanda kwa maji moto. Uke wenza una mambo yake. Mwajabu alifariki mwaka themanini na nne, Mungu amrehemu, na Zuena alimlia kuliko hata baadhi ya ndugu zake.

Kabla ya hapo dizeli zilikuwa zimeshaingia, na honi za kubonyeza, sauti moja kwa madereva wote. Tangu mwaka sabini na nane hakuna mke aliyebandika sufuria kwa honi. Basi Mfaume akawaza: nikimrudishia Zuena honi yake, nitakuwa nimemwambia yote ninayoshindwa kuyasema.

Aliitengeneza kwa siku kumi na mbili. Mianzi mitatu, mrefu, wa kati na mfupi, ameifunga pamoja ili itoe sauti tatu kwa mpigo kama honi ya kweli. Upepo ulitoka kwenye tyubu ya gurudumu la gari iliyojazwa kwa pampu, ukapita kwenye mpira mwembamba, na mpira ulibanwa kwa kibanio cha nguo. Kibanio alikifunga kamba. Ukivuta, kibanio kinafunguka, honi inalia; ukiachia, inanyamaza. Alipokuwa akiijaribu aliiziba kwa matambara ili Zuena asisikie kabla ya siku yake.

Siku ikafika, Jumatatu baada ya alasiri. "Mama Nusaiba, njoo ukae hapa. Nimekuwekea kitu chako."

Zuena alikuja akiwa bado na unga mikononi. Alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu meza iingie nyumba ile, alikaa mbele yake. Mfaume alianza kusugua msasa, akaunganisha waya wa betri, treni ikatoka Morogoro ikipumua. Ta-ta, ta-ta. Zuena aliinama mbele. Pale Ngerengere kijiko kililia, na akatabasamu kidogo, akasema, "Alaa!" Treni ikapita Ruvu, ikashuka Pugu, ikakaribia kile kisanduku cha kiberiti. Mfaume akashika kamba. Hakufikiri, mkono wake ulijua, ukavuta wenyewe. Moja fupi, mbili ndefu.

Akageuka kumtazama mkewe, anacheka kama bwana harusi.

Uso wa Zuena ulikuwa umefunga. "Hiyo ya Mwajabu," alisema.

Akasimama, akajipangusa unga kwenye kanga, akarudi uani. Hakupiga kelele wala hakubamiza mlango. Kumbe alipokwenda Morogoro kumkanda mwenzake aliisikia honi ile kwa masikio yake, akamwona Mwajabu akiinuka na maumivu yake ya kujifungua kwenda jikoni. Honi kama hiyo mtu haisahau.

Mfaume alibaki na kamba mkononi. Alijaribu kuikumbuka honi ya Zuena. Akavuta: moja fupi, mbili ndefu. Akavuta tena: ileile. Mkono ulikuwa na honi moja tu ndani yake. Alihisi aibu iliyompanda kutoka miguuni. Miaka yote mwanamke amempikia kwa wito, na yeye wito haujui!

Siku tatu Zuena alimwekea chakula barazani, kimefunikwa kawa, akarudi uani. Siku ya nne, mvua zimekatika, alianza kupanga kikapu cha Kimbiji: kanga mbili, sabuni, na kilo tano za mchele wa kumpelekea Farida, amezifunga kwenye kitambaa cheupe. Safari Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Mfaume alikwenda Tandale kumtafuta Alfonsi.

Alfonsi alikuwa msaidizi wake kwenye injini, mtu wa kutunza moto, Mfipa wa Sumbawanga mwenye mwili mdogo na mikono mikubwa. Sasa alikuwa anauza maharage pale sokoni, amekaa katikati ya magunia. Alipomwona Mfaume aliruka. "Dereva! Shikamoo!"

"Marahaba, Alfonsi. Nina shida. Honi ya Mama Nusaiba ilikuwaje?"

Alfonsi hakuuliza kwa nini. Alikunja midomo akapiga mluzi, fupi mbili, kisha ndefu moja ambayo mwishoni ililegea taratibu, ikashuka. Mteja aliyekuwa anachagua maharage aligeuka. Mfaume nywele zilimsimama. Aliona barabara ya vumbi ya Buguruni, aliona moshi wa jikoni kwake ukianza kupanda.

"Hiyohiyo! Hiyohiyo, Alfonsi! Sasa mbona mkono wangu hauijui?"

"Utaijuaje, Dereva?" Alfonsi alicheka. "Wewe hujawahi kuipiga."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Pale Buguruni si kuna kona, halafu kivuko, halafu watu na mbuzi? Wewe mikono yote miwili iko kwenye breki na mvuke, kichwa nje. Ulikuwaga unasema tu, 'Alfonsi, mwite shemeji yako.' Mie navuta. Miaka kumi na moja."

Mfaume akakaa juu ya gunia bila kukaribishwa. "Na Morogoro?"

"Ah, Morogoro njia imenyooka. Kule ulikuwa unavuta mwenyewe. Hata ukinikuta nimeshika kamba unanipiga kikumbo." Alfonsi alimtazama, akaona hacheki, akalainisha sauti. "Dereva, usiumie. Mie niliipiga vizuri kwa sababu ya njaa. Genoveva wangu alikuwa Sumbawanga, na huko hakuna reli ya kumpigia. Chakula changu Dar kilikuwa kwa shemeji. Ule mwisho unavyolegea, lile tumbo langu."

Hapo mtu mwenye busara angerudi nyumbani akamwambia mkewe ukweli. Mfaume alikuwa na hofu kuliko busara. Alipanga hivi: Alfonsi aje kesho, ajifiche nyuma ya pazia la chumbani pamoja na ile mianzi, na avute kamba halisi, huku yeye Mfaume ameshika kamba ya bandia mbele ya meza. Zuena atasikia honi yake, atajua imetoka mkononi mwa mumewe, basi. Alfonsi alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa kanisani, na uongo wa Jumapili haukumpendeza, lakini Dereva amesema, na Dereva akisema ni Dereva.

Jumapili alitoka misani moja kwa moja, na koti lake. Zuena alikuwa kwa jirani. Mfaume alimpenyeza Alfonsi nyuma ya pazia, viatu vyake akavificha chini ya meza. Zuena aliporudi alipitiliza uani na ungo, akakaa kwenye mbuzi ya nazi kando ya jiko, anapeta mchele wa mchana. Kikapu cha Kimbiji kilikuwa pembeni yake.

"Mama Nusaiba! Usinyanyuke. Sikiliza tu hapo ulipo."

Zuena aliendelea kupeta. Mfaume akaanza kusugua msasa. Treni ikatoka Morogoro, ikapita Ngerengere, Ruvu, ikashuka Pugu, ta-ta, ta-ta. Akakohoa, hiyo ndiyo ishara, akaivuta kamba yake ya bandia kwa madaha. Nyuma ya pazia honi ikalia: fupi mbili, na ndefu moja iliyolegea mwishoni.

Uani, mchele uliacha kurukaruka kwenye ungo. Kupitia mlangoni Mfaume alimwona mkewe ameinuka nusu, mkono wake umekwenda kwenye sufuria wenyewe, bila kuamriwa. Moyo wake ukapiga kama injini. Kisha Zuena akauangalia mkono ule, akaurudisha. Akaja mpaka mlango wa sebule.

"Shemeji Alfonsi, karibu," alisema. "Toka huko nyuma ya pazia, kuna joto."

Njia ya mwongo ni fupi. Pazia likatikisika, Alfonsi akatoka na koti lake, jasho linamchuruzika. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Habari za Genoveva?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Mfaume alikuwa bado ameshika kamba ya bandia juu kichwani. Aliishusha. "Ulijua?"

"Baba Nusaiba, nilikuwa nasimama kando ya reli na mtoto mgongoni. Nina macho. Naona kichwa chako kinatazama mbele, naona mkono wa shemeji unavuta kamba. Alipokwenda likizo kwao ulipita kimya mwezi mzima, halafu unafika unauliza mbona chakula hakijaiva." Zuena hakuwa amekasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. "Na nilipokwenda kumkanda Mwajabu, treni ilipita nikiwa barazani kwake. Nikakuona umetoka dirishani nusu mwili, unavuta mwenyewe, meno yote nje. Mie Mwajabu sikumwonea wivu kwa nyumba wala kwa kanga. Nilimwonea wivu kwa ule mkono."

"Pale Buguruni pana kona," Mfaume alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kona, na kivuko. Mikono yangu..."

"Kona naijua. Nimeishi kwenye hiyo kona miaka kumi na minne. Ningetaka uachie breki uue watu?" Alimtazama pale kitini, na miwani yake iliyofungwa uzi, na vumbi la msasa kwenye ndevu. "Lakini leo umekaa kwenye kiti. Huna breki ya kushika. Vuta mwenyewe."

Akageuka. Akiwa mlangoni aliongeza, "Sufuria iko chini. Sibandiki mpaka niitwe."

"Na Kimbiji?" Mfaume aliuliza. Zuena alikuwa ameshafika uani.

Mianzi ikahamishiwa mezani, kamba ya kweli ikaingia mkononi mwa Mfaume. Alivuta. Moja fupi, mbili ndefu.

"Hapa sio Morogoro!" sauti ilitoka uani.

Akavuta tena, polepole, akihesabu. Ikatoka kama mbuzi aliyekanyagwa. Tyubu ikaisha upepo, Alfonsi akavua koti akaijaza kwa pampu, akasema, "Mbili fupi, Dereva, halafu unaiachia taratibu, usiikate." Mfaume akaikata. Mara ya tano ikarudi Morogoro. Mara ya saba Alfonsi alishindwa kuvumilia, akaweka mkono wake mkubwa juu ya mkono wa Dereva wake, na honi ikaanza kulia tamu.

"Shemeji, toa mkono wako!"

Alfonsi akautoa kama aliyeungua. Adhuhuri ikaadhiniwa, Mfaume akaenda kuswali akarudi kitini. Harufu za vyakula vya majirani ziliingia dirishani, na tumbo la Alfonsi lilikuwa likilia kwa sauti ambayo ingetosha kuwa honi. Uani hakuna moto uliowashwa. Mzee wa watu akaishusha kamba. Alitaka kusema, nimeshindwa, nenda Kimbiji, una haki.

Badala yake aliwasha treni tena, akaacha kuhesabu. Akakitazama kile kisanduku cha kiberiti. Miaka yote alipopita pale alikuwa akiangalia mbele, kwenye kivuko. Kumbe hakuwahi hata mara moja kumwona mkewe akiwa amesimama kando ya reli. Sasa alimtazama. Alimwona kijana, mwembamba, Nusaiba mgongoni, kiganja juu ya macho kuzuia jua, anatafuta mkono dirishani. Treni ilipofika usawa wake, akavuta.

Fupi, fupi. Kisha ndefu, ambayo haikulegea vizuri kama ya Alfonsi. Ilitetemeka, ikapanda pasipotakiwa, ikakatika mwishoni kama mtu aliyeishiwa pumzi. Haikuwa ya Mwajabu, wala haikuwa ile ya Buguruni. Hakuna aliyewahi kuisikia popote.

Treni ikaingia Dar es Salaam ikasimama. Mfaume hakugeuka. Alfonsi naye alikuwa ameinama, anatazama soksi zake.

Ndipo wakasikia kiberiti kikiwashwa. Baadaye kidogo, chuma juu ya chuma, sufuria ikikaa jikoni.

Mfaume aliinua mkono avute tena kwa furaha, Alfonsi akaudaka. "Basi, Dereva! Ukipiga mara ya pili ataongeza mchele, atadhani kuna mgeni."

"Na wewe je?"

"Mie mgeni tangu lini?"

Mfaume akaiweka kamba chini, akaenda mpaka mlango wa uani. Zuena alikuwa amempa mgongo, anaosha mchele, mabega yake yanatikisika, na hakuweza kujua kama analia au anacheka. Pembeni yake ule mchele wa kwenye ungo ulikuwa haujaguswa. Kikapu cha safari kilikuwa wazi, na kile kitambaa cheupe kilichofungiwa kilo tano za Kimbiji kilikuwa kimefunguliwa, kimelazwa kando yake, mchele wake umepungua.